Picha za Shuka

Piroska hakumwamini Lóránt tangu siku ya kwanza alipomkuta jikoni kwa baba yake akiosha sahani ambazo hakuzilia. Kijana wa miaka thelathini na kitu, fundi wa lifti kutoka Miskolc, anapanda basi kila Jumamosi kuja huku milimani Bükk kumtembelea mzee asiyeona ambaye si ndugu yake, halafu anaosha vyombo! Piroska alikuwa mfamasia. Alikaa nyuma ya kaunta ile ile ya kijijini kwetu tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kazi hiyo ilimfundisha kwamba mwenye cheti cha daktari cha kughushi ndiye anayekusalimia kwa heshima kuliko wateja wote. Vyeti vya namna hiyo alivinusa kabla hajavisoma. Sasa pua ilikuwa inamwasha.

Na kitu cha kuibiwa kilikuwapo. Juu ya shamba la mizabibu la baba yake, Mzee Vendel, kuna kibanda cha mbao ambacho paa lake husukumwa pembeni juu ya reli, na ndani yake mna darubini ambayo mzee aliiunda kwa mikono yake mwenyewe. Humo ndimo alimopiga picha iliyompa jina. Ilikuwa vuli ya mwaka ule aliofiwa na mkewe. Aliielekeza darubini kwenye pembe moja ya kundi la nyota liitwalo Kasiopeia, usiku baada ya usiku, na alipozijumlisha picha zake pakaonekana duara hafifu kama pumzi kwenye kioo, ambalo halikuwa kwenye ramani yoyote ya nyota. Akaliita Shada la Emerencia, jina la marehemu. Wataalamu wa Budapest waliandikiwa, wakajibu kwa upole kwamba watalitazama siku moja, na siku hiyo haijafika mpaka leo.

Kijiji hakikuwangoja. Padri alilitaja kanisani, duka la keki likaoka keki yenye tundu katikati, na Piroska akaitundika picha kubwa famasini, juu ya mizani. Mama yake alizikwa Februari, theluji imefunga barabara, bila hata ua moja la kuweka kaburini. Kwa hiyo hilo la mbinguni ndilo lililokuwa shada lake, na Piroska aliipenda picha ile kuliko picha yoyote ya mama yake mwenyewe.

Miaka ikapita, macho ya mzee yakaharibika katikati. Aliona pembeni tu; akitaka kuujua uso wako ilibidi atazame sikio. Picha hakuziona tena kabisa, lakini kila mwanachama wa chama cha nyota aliyepeleka picha mpya aliulizwa swali moja tu: lipo? Na kila mmoja alijibu kwamba lipo, kwa mbali, kwenye chenga. Kamera zao zilikuwa dhaifu, picha zimejaa chenga kama televisheni ya zamani, na kwenye chenga mtu huona anachotaka kuona. Kisha akaja huyu Lóránt na kamera ya kisasa, na mzee akatangaza mbele ya watu: kijana akimletea picha nzuri ya Shada siku ya jina la mzee, sikukuu ya mtakatifu aliyeitwa kwake, funguo za kibanda atampa yeye.

Hapo ndipo Piroska alipoacha kulala vizuri. Kibanda, shamba chini yake, na juu yake giza safi ambalo watu wa mijini siku hizi wanalilipia kama wanavyolipia bahari. Kwa nini mtu asioshe sahani?

Siku ya jina la Vendel huangukia Oktoba, zabibu zikiwa zimeshaingia mapipani. Wanachama walikuja na wake zao, wakala nyama ya nguruwe kwenye mchuzi wa paprika, wakala vimkate vya pogácsa mpaka sinia likaonekana. Kisha Lóránt akaunganisha kompyuta yake na televisheni. Alieleza, kimkate mkononi, kwamba vihisi vya kamera za zamani, vile vinavyopokea mwanga, vilikuwa na nyaya upande wa mbele, pale pale mwanga unapoingilia, mithili ya kamba za nguo zilizofungwa dirishani. Nusu ya jua haifiki chumbani. Vihisi vya sasa vimegeuzwa, nyaya ziko nyuma, na karibu kila chembe ya mwanga inayofika inahesabiwa. Ukikipoza kihisi vya kutosha, weusi unabaki weusi, chenga hakuna.

Picha ikatokea na watu wakasogeza viti karibu. Nyota ambazo kwenye picha ya mzee zilikuwa nene kama dengu zilikuwa sasa ncha za sindano. Vumbi la angani lilitanda kwa mikunjo ambayo hakuna mtu mezani pale aliyewahi kuiota. Na katikati, mahali pake, Shada.

"Lipo?" mzee aliuliza, uso kaugeuzia ukutani.

"Lipo, babu," alisema Lóránt.

Wakanyanyua vikombe vya pálinka, pombe kali ya matunda. Mzee hakunyanyua chake. Alisema kwamba funguo hakumbuki alipoziweka, zitatafutwa, watazungumza Jumapili ijayo. Piroska alishtuka, maana alijua vizuri kwamba funguo zilikuwa zinaning'inia shingoni mwa mzee, chini ya shati. Kumbe hata baba ana wasiwasi, aliwaza, na moyo wake ukapata nguvu.

Akaisogelea televisheni akijifanya anakusanya vikombe. Kila kitu kwenye picha kilikuwa kimekuwa kipya isipokuwa Shada. Lilikuwa na ukungu ule ule wa zamani, na upande wa kushoto lilikuwa na pengo lile lile dogo, kama meno ya mtoto aliyeng'oka jino moja. Mbaya zaidi, ndani ya duara, na ndani ya duara tu, kulikuwa na chenga. Picha haikuwa na chenga; mpigaji ndiye aliyekuwa anapiga chenga.

Alimkuta Lóránt jikoni, kwenye sahani, kama kawaida yake.

"Nipe zile picha mbichi nizione."

"Za nini tena, shangazi? Si umeiona iliyoiva?"

"Mimi napenda kuonja mwenyewe."

Lóránt akacheka, lakini sikio lake likawa jekundu. Akasema diski ameiacha Miskolc. Jumatatu alipopigiwa simu akasema kompyuta inasumbua. Jumatano hakupokea. Alhamisi muuza mkate akamwambia Piroska, bila kuulizwa, kwamba yule mgeni wa mzee alionekana kibandani na futi kamba, anapima reli, anapima milango, anaandika mkononi kwa kalamu. Piroska alilipa mkate akausahau juu ya kaunta. Anapima! Mzee hajampa funguo, yeye anapima! Tayari aliviona vitanda vya watalii vimepangwa chini ya darubini ya baba yake, na picha ya Shada imechapishwa kwenye vikombe vya kahawa.

Jumamosi akaenda kumngoja kituo cha basi. Hakumsalimia. Alimnyooshea kiganja tu, namna anavyowanyooshea wateja wanaodai cheti wamekisahau nyumbani. Lóránt alitazama kulia, akatazama kushoto, akafungua begi na kutoa diski ndogo nyeusi. Hakuiachia mara moja.

"Nakuomba usiifungue, shangazi."

"Kwa nini?"

"Utakasirika, halafu hutajua umkasirikie nani."

"Hilo niachie mimi. Nina uzoefu."

Jumapili asubuhi famasi ilikuwa imefungwa. Piroska alikaa chumba cha nyuma, kati ya maboksi ya dawa za kikohozi, na kompyuta yake. Kazi yenyewe aliijua. Alimsaidia baba yake miaka yote. Unachukua picha nyingi za mahali pamoja, kila moja ikiwa karibu nyeusi tupu, unaziweka moja juu ya nyingine na kuzijumlisha, na kile kilichopo kweli huongezeka, ilhali chenga, zikiwa za kubahatisha, hufutana zenyewe. Kompyuta ilijumlisha. Piroska alikunywa kahawa mbili. Nyota zikaja, mikunjo ya vumbi ikaja, safi kuliko hata kwenye televisheni siku ile.

Shada halikuja.

Kwanza alifurahi, na tusimfichie aibu hiyo. Alipiga meza kwa kofi. Nimekushika, mwanangu! Kumbe ulilikata Shada kutoka kwenye picha ya baba yangu, ukalibandika kwenye yako kama stempu! Akavuta picha, akaikuza, akaipausha mpaka nyota zikawa madoa, ili aone vizuri jinsi palivyo patupu. Palikuwa patupu kweli. Na alipozidi kupatazama ndipo alipoanza kujiuliza. Kamera hii inaona mara nyingi zaidi ya ile ya baba. Imeona vijivumbi ambavyo ile haikuviota. Basi kwa nini haioni Shada?

Amelifuta, alijiambia. Amelifuta kwenye picha mbichi pia. Alijua kwamba hilo haliingii akilini, maana picha mbichi zilikuwa mamia na hakuna mtu anayefuta moja moja kitu ambacho baadaye anakibandika tena. Lakini aliling'ang'ania. Akafunga kompyuta, akaitia kwapani, akapanda shambani.

Lóránt alikuwa kibandani, amelala chali chini ya reli, na grisi mpaka kwenye nyusi. Reli moja ilikuwa imeng'olewa na mpya imelazwa kando yake, na mbao zilizooza za mlango zimetupwa majanini, kibanda kikiwa wazi. Kwa hiyo futi kamba ilikuwa ya hiyo. Piroska aliona, akakasirika zaidi.

"Wewe ni mwongo," alisema.

Lóránt alitoka chini ya reli, akakaa kwenye nyasi, akasema ndiyo.

"Umebandika."

"Nimebandika."

"Ili upewe kibanda."

"Shangazi, mimi kibanda nakitaka, sikatai. Lakini nimelitafuta hilo Shada tangu Julai. Nimelitafuta kwa kila kichujio cha mwanga, kila mwezi ulipopotea. Halipo. Halijawahi kuwapo. Sasa nimwambie nini? Mzee haoni, kilichobaki ni kile anachokijua. Nikasema heri niwe mwongo mimi."

Piroska aliuma meno. Alimwuliza kama anamaanisha kwamba baba yake ni tapeli. Lóránt akatikisa kichwa. Alisema mzee ni mtu mkweli kuliko wote anaowajua, lakini kuna kitu kimoja yeye hajathubutu kukigusa, kwa kuwa si chake, nacho kimo kabatini mle ndani: picha za shuka.

Hilo jina ni la huku kwetu. Vumbi likitua kwenye kioo kilicho mbele ya kihisi hutupa kivuli, na kwa kuwa darubini za namna ile zina kioo kidogo kinachoziba katikati, kivuli hicho hakiwi doa. Huwa duara lenye tundu. Ndiyo maana asubuhi, kabla ya kuitoa kamera kwenye darubini, mtu huifunika darubini mdomo kwa shuka jeupe na kupiga picha ya weupe mtupu. Kompyuta ikishaona kivuli kwenye weupe, inajua mahali pa kuongeza mwanga kwenye picha ya nyota ili kivuli kifutike. Vitabu vinasema picha za shuka zipigwe kila mara. Mzee Vendel alizipiga mara moja akazitumia msimu mzima, na chama kizima kikamwiga, kwa sababu ndivyo Mzee Vendel anavyofanya.

Piroska alikuwa ameshaelewa kabla hajasimama. Aliingia kibandani, akatoa diski za mwaka ule, akazichomeka kwenye kompyuta yake. Picha mbichi za baba yake, zile za nyota, hazikuwa na chochote. Kisha akafungua picha za shuka. Pale, mahali pale pale, palikuwa na duara jeusi lenye tundu, na pengo upande wa kushoto. Kitu kilikuwa kimeanguka kwenye kioo usiku mmoja, kikapigwa picha asubuhi, kisha kikapeperuka. Msimu mzima kompyuta ikaendelea kukiongezea mwanga ambao hakikuuhitaji. Kivuli kisichokuwapo kikageuka shada la nuru.

"Si punje," alisema Lóránt nyuma yake, taratibu. "Kingekuwa punje duara lingefunga. Hiki ni kirefu. Unyuzi, pengine."

Shuka lenyewe lilikuwa bado limekunjwa kabatini. Piroska alilifunua. Lilikuwa la mama yake, mojawapo ya yale aliyokuja nayo alipoolewa, herufi zake zimedariziwa pembeni kwa uzi mweupe, na pindo lake limechakaa, linatoa nyuzi ukiligusa tu. Alilikunja upya kama lilivyokuwa. Akamwambia Lóránt amalizie reli, kisha akashuka shambani bila kuaga.

Mzee alikuwa ameketi mbele ya nyumba, kwenye jua, akimenya tufaha kwa kupapasa.

"Umetoka kibandani," alisema. "Unanuka grisi."

"Nimetoka huko, baba."

"Umeona picha mbichi za yule mtoto."

"Nimeziona."

Kisu kikasimama. "Lipo?"

Wiki nzima Piroska alikuwa akimwita mwenzake mwongo, tena kwa raha. Sasa neno lilikuwa moja tu, fupi, na alikuwa nalo mdomoni tayari. Alimtazama mzee: shati limefungwa vifungo vibaya, mkufu wa funguo umechungulia, jicho linatazama sikio lake kwa bidii. Akamwonea huruma.

"Lipo, baba," alisema. "Tena zuri."

Mzee akaliweka tufaha chini.

"Hata wewe, Piri."

Piroska hakuelewa. Mzee ilibidi amweleze, na alieleza bila kuinua sauti. Alilijua tangu masika yaliyofuata. Alikuwa amesafisha kioo, akapiga picha mpya za shuka, akarudia hesabu yote tangu mwanzo, na Shada likatoka kama doa kwenye nguo. Siku hiyo hiyo alishuka kijijini kumwambia. Alipofika famasi akamkuta juu ya ngazi, misumari mdomoni, anaitundika picha, na machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola.

"Tangu mazishi ulikuwa hujalia hata mara moja," mzee alisema. "Ningekukatiza? Nikasema kesho. Kesho yake padri naye akalitaja."

"Miaka yote hii, baba?"

"Basi nikaanza kuuliza. Kila anayekuja na picha namwuliza, lipo? Nilingoja mtu mmoja aseme halipo, nipumzike. Wote wakawa wanaliona! Nikasema hapana, Piri atanikamata tu. Piri anamkamata mwizi wa dawa kwa namna anavyokohoa. Hukunikamata. Yule mtoto alipoleta kamera isiyo na chenga nikafurahi, nikajua huyu hana pa kujifichia, huyu atasema. Naye akaenda kunichorea!"

"Alikuwa anakuonea huruma."

"Wote mnanionea huruma. Mimi nilitaka kuambiwa."

Piroska aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na hasira, kwa sababu ya miaka yote aliyoinua macho kwa mama yake juu ya mizani. Alimshuku kijana kwa sahani safi, akamshuku kwa futi kamba, na huyu aliyekuwa akimfichia hakumshuku hata siku moja, kwa kuwa alimpenda. Alitaka kumfokea. Badala yake akakaa kwenye benchi, bega kwa bega naye.

"Sema basi," mzee alisema. "Sijawahi kusikia mtu akilisema."

"Halipo, baba. Ni uzi wa shuka la mama. Ulianguka kwenye kioo."

Mzee akamgeukia. Hilo hakuwa amelijua. Siku zote alidhani ni vumbi la kawaida.

"Lile lenye herufi zake?"

"Lile lile. Pindo limechakaa."

Akaanza kucheka, kimya kimya, mabega tu yakitikisika, kisha akafuta macho kwa mgongo wa mkono na kusema kwamba Emerencia alimwambia tangu wakiwa wachumba: mashuka yake si ya kuchezea. Alipotulia akauvua mkufu shingoni, akauweka mapajani mwa Piroska. Funguo zilikuwa na joto la kifua chake.

Piroska akampigia simu Lóránt, akamwambia ashuke achukue funguo.

"Umemwambia?" aliuliza Lóránt.

"Nimemwambia. Mara ya kwanza nilishindwa."

"Na ile picha yangu?"

"Kile ulichobandika kibandue, halafu uilete famasi, nitaitundika," alisema Piroska. "Na shuka uje na lako."